Shangazi Alitoka Eda, Nikamvisha Asmini za Kitambaa

Nimekosa. Naanza na neno hilo ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia udhuru. Udhuru sina. Nimeua bustani nzima ya asmini kwa mikono yangu, nikamdanganya mjane aliyekaa eda miezi minne na siku kumi, na wakati wote nikimdanganya nilijiona nina akili kuliko watu wote wa kisiwa hiki. Akili! Laiti ungeniona.

Mimi ni mtu wa ndani. Nina miaka thelathini na kitu, sijaolewa, na safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka jikoni kwenda barazani. Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni, naisikia kwa masikio tu: watu huvuka kutoka Likoni kuja kula mihogo ya kukaanga, na mimi niliye hapa karibu sikumbuki mara ya mwisho kuikanyaga. Tunakaa Kizingo, katika nyumba ya zamani ya marehemu baba. Wapitao na magari yao wakiona ule ukuta mrefu hudhani nyuma yake pana utajiri. Utajiri gani! Pana sufuria zilizotoboka na mimi.

Na palikuwa na asmini.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyezipanda kwenye uwanja wetu wa nyuma. Vichaka arubaini, na mirehani kufuata ukuta, na mawaridi machache ya kuchangamsha macho. Yeye mwenyewe anakaa Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba isiyo na udongo hata wa kuoteshea kitunguu. Kwa hivyo kila siku baada ya adhuhuri alikuwa akija na tuktuk, kikapu mkononi, kuchuma. Mimi nilikuwa mshirika wake. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na simu.

Kwa asiyejua kazi hii: asmini huchumwa ingali tumba, jua likianza kulegea. Hushonwa ikawa koja la kuvaa shingoni, au hufungwa pamoja na mrehani ikawa kikuba, kile kishada wanachobandika wanawake kifuani au kwenye nywele. Jioni tumba hufunguka zenyewe mwilini mwa mtu, na hapo ndipo harufu hutoka. Nalo ni ua lenye deko. Ukilibana kwa vidole tu, punde si punde hugeuka rangi ya chai. Hilo la rangi ya chai liweke akilini. Lilinitafuta mpaka likanipata.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Mbolea ya dukani hataki hata kuisikia. Asmini zake zilikula samadi ya mbuzi na machicha ya nazi, zikanywa maji ya kuoshea mchele. Na kila zikishazaa sana, alizikata mpaka magotini, akazipukuta majani, akaziacha vijiti vitupu. Watu wakipiga simu kutaka makoja, aliichukua simu mkononi mwangu akajibu mwenyewe.

"Asmini zimelala, mwanangu. Kaolewe mwezi ule mwingine."

Ati kaolewe mwezi ule mwingine! Mimi nilikuwa nikitamani ardhi ipasuke. Mwanamke hakumaliza darasa la nne, anamfukuza mteja kwa ajili ya vijiti. Na mimi nimesimama pembeni na kidato changu cha nne, na alama yangu ya C katika somo la Kilimo. C yenyewe ya kujikongoja, lakini nilivyoibeba kichwani ungedhani ni udaktari. Nilikuwa nikimwangalia Shangazi akinyunyiza machicha, moyoni nasema: ujinga mtupu, ngoja siku nitakayoishika mimi bustani hii.

Siku ikafika. Mumewe Shangazi alifariki.

Mzee yule alikuwa mtu wa maneno machache, ila alikuwa na jambo moja: halali mpaka akute kikuba juu ya mto. Miaka yote ya ndoa yao Shangazi alimwekea, na asmini zikilala alimwekea mrehani peke yake, na mzee akanung'unika kama mtoto aliyenyimwa halua. Alipokufa, Shangazi akakaa eda. Kutoka nje hakuna, mapambo hakuna, manukato hakuna.

Nilikwenda kumtazama baada ya wageni wa tanzia kuondoka. Alikuwa chumbani na binti yake wa pekee, Rukia, ambaye arusi yake ilikuwa imekaribia ikabidi iahirishwe mpaka eda iishe.

"Bustani iko mikononi mwako sasa," Shangazi akaniambia. "Makoja ya Rukia na yatoke kwetu, sitaki ya kununua. Na mimi siku nitakayotoka humu, harufu ya kwanza kuingia puani mwangu nataka iwe ya asmini zile. Si udi, si mawaridi. Zile alizokuwa akizipenda mwenyewe, Mungu amrehemu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi."

"Eda ikifika nusu, zikate. Mpaka magotini, majani zipukute zote. Halafu usiziguse mpaka nikwambie. Ukifanya hivyo, zitazaa arusi ikifika kama zimeambiwa."

Nikasema inshallah. Lo, inshallah yangu mimi!

Hapo sasa akaingia mama mmoja apambaye kumbi za arusi. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe nilimpa la Bi Mapambo. Alipata nambari yangu kwa watu, akanipigia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Naongea na mkurugenzi wa bustani?"

Mkurugenzi! Mimi niliyekuwa nimekaa chini navua magamba ya samaki, nywele zimesimama kama nimepigwa na umeme. Nikajifuta mikono kwenye leso, nikasafisha koo. "Ndiye," nikasema.

Alitaka asmini kila Ijumaa. Si za makoja wala vikuba. Alitaka za kutawanya mezani, katikati ya sahani za biriani, zipigwe picha. Hakuna wa kuzinusa, kwa maana biriani ikiingia ukumbini nani atasikia asmini? Nilimdharau mama yule kuliko ninavyoweza kusema. Na kila akiniita mkurugenzi, niliinuka nikachuma. Sasa niambie wewe, kati yake na mimi nani wa kudharauliwa?

Eda ikafika nusu. Siku ile ile niliyotakiwa kukata, Bi Mapambo akataka maua ya kumbi mbili. Nikajiambia, nitakata wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ikawa na Ijumaa yake. Zote zina Ijumaa, wiki zote!

Nikaenda Kibokoni, maana hata mtu wa ndani hulazimika kwenda kuamkia. Mazungumzo yale nayakumbuka neno kwa neno, na natamani nisingeyakumbuka.

"Masalkheri, Shangazi."

"Masalkheri, mwanangu. Asmini zangu zina hali gani?"

"Salama salimini."

"Umezikata?"

"Nimezikata."

"Mpaka magotini?"

"Magoti ya nani, Shangazi? Yako au ya Rukia? Maana Rukia magoti yake yako juu kama ya ngamia."

Rukia akanirushia mto. Shangazi akacheka. Akacheka mpaka akashika ubavu. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu mumewe afe, na kicheko chenyewe kimepita juu ya uongo wangu.

"Basi safari ijayo niletee kijiti kimoja," akasema akijifuta macho. "Nione kinavyochipua, moyo utulie."

Halafu, bwana, ulimi wangu ukapata wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kuukata.

"Haifai, Shangazi," nikasema, uso nimeukunja kama niko mimbarini. "Uko eda. Asmini ni manukato."

"Kijiti hakina ua. Kina manukato gani?"

"Hata hivyo. Katika dini, kujihadhari ni bora."

Akanitazama. Rukia akanitazama. Wananijua mimi, sala ya alfajiri naisali jua liko juu ya dari.

"Alhamdulillahi," Shangazi akasema. "Ukoo umepata shehe."

Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Ndivyo nilivyoifanya eda ya mjane pazia la kuficha uvivu wangu na kiburi changu. Kila alipotaka kuona chochote, nilimtolea fatwa. Rukia akaomba picha basi, nikamtumia ya mwaka uliopita, vijiti vikichipua vizuri. Shangazi akaitazama ile picha kwenye simu ya binti yake, akaibusu. Aliibusu! Rukia alinieleza mwenyewe, akidhani ananifurahisha.

Huku nyuma bustani ilikuwa inachoka. Kichaka kilichokuwa kikinijazia bakuli kikawa hakinipi hata kikombe. Tumba zikawa ndogo kama punje za mtama. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikapanda tuktuk mpaka duka la pembejeo.

Muuzaji akanipa mfuko wa mbolea nyeupe, akaniambia, "Kijiko kimoja kila kichaka, bibi. Kimoja tu."

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu zangu za C ya Kilimo. Ikiwa kijiko kinasaidia, kikombe je? Nikatia kikombe, na maji mengi juu yake. Vichaka vyote arubaini, asubuhi moja, huku nikiimba.

Majani yakatoka! Makubwa, ya kijani kilichokoza, yanang'aa. Nilizunguka uwanjani mikono kiunoni, mkurugenzi wa mchicha. Ua? Hata moja. Baada ya siku chache yale majani yakaanza kuungua kingo, kisha yakajikunja, kisha yakapukutika yenyewe bila mtu kuyagusa. Nilifukua udongo kwenye shina moja nikakuta mizizi imekuwa myeusi. Nikaufunika haraka, nikatazama huku na huku, utadhani nimefukua maiti.

Bi Mapambo aliposikia hakuna maua alisema, "Pole, mkurugenzi," akakata simu. Hakupiga tena. Ilikuwa imebaki wiki mbili eda iishe.

Ungeweza kuungama wakati huo, utaniambia. Ningeweza. Ningekwenda Kibokoni nikapiga magoti, Shangazi angenitukana, angelia, kisha angejua la kufanya. Ungeweza kununua, utaniambia pia. Ningenunua kwa nani? Kila mwanamke auzaye asmini pale mjini ni shoga yake Shangazi. Kabla sijafika na kikapu mwisho wa kichochoro, habari zingekuwa zimepanda ngazi, zimeingia chumbani, zimekaa kitandani na kuvua viatu. Na mimi niliona bora nionekane mwongo baadaye kuliko mjinga sasa. Huo ndio uzito wa akili yangu, upime mwenyewe.

Basi siku ya hina ya Rukia, ndiyo hiyo aliyotoka eda Shangazi, nilichuma kila kilichobaki uwanjani. Konzi moja. Kutoka vichaka arubaini, konzi moja ya tumba.

Zilizosalia zilikuwa za kitambaa. Nilikwenda kuziomba kwa yule yule Bi Mapambo, aliyekuwa na magunia yake. Asmini za kitambaa nyeupe kuliko asmini yenyewe, kila moja sawa na mwenzake. Nikakaa chumbani nimejifungia, nikazishona, nikazinyunyizia marashi ya chupa yaliyoandikwa asmini. Na tumba zile za kweli niliziweka mbele ya koja la Rukia, kwa sababu yeye ndiye atakayetazamwa na watu.

La Shangazi nililishona la kitambaa tupu.

Unajua nilisema nini moyoni nilipokuwa nikilishona? Nilisema: mtu mzima huyu, amefungiwa chumbani miezi minne, pua yake itajua nini. Nimeandika hivyo hivyo nilivyosema. Sikupunguza.

Nilifika Kibokoni baada ya alasiri. Nyumba imejaa wanawake mpaka ngazini, vigelegele, harufu ya hina na mandazi. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kitanda cha sebuleni, amevaa leso mpya, uso umesawijika lakini macho yanameta. Hakuwa amejitia kitu. Shoga zake walikuwa wakimsukumia chetezo cha udi, naye akikirudisha kwa mkono.

"Ngojeni," akawaambia. "Mimi nangoja zangu." Aliponiona mlangoni akapanua mikono, akaniita. "Huyo! Ndoo, shehe wangu, ndoo!"

Nikampa koja. Hakulivaa. Aliliinua kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

Sikuwahi kufikiri jambo hili dogo, nikwambie na wewe uelewe ujinga wangu: pua iliyofunga manukato miezi minne haizibi. Inakuwa kali kama ya paka.

Alifumbua macho. Akachukua ua moja, akalibana katikati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua taratibu, akalitazama. Akangoja. Alikuwa analingoja ligeuke rangi ya chai. Wanawake wanapiga vigelegele, mimi nimesimama mbele yake, sote wawili tunalitazama ua. Likabaki jeupe. Jeupe pe!

Nikadhani atapiga kelele. Ningemshukuru. Badala yake akalivaa. Alijitia shingoni koja la kitambaa mbele ya shoga zake, akatabasamu, akasema, "Mashallah, limeshonwa vizuri." Kisha akanivuta kwa mkono nikainama, mdomo wake ukawa sikioni mwangu.

"Nambie, shehe," akanong'ona. "Na hili nalo lafaa?"

Nikataka kujinasua, akanibana mkono.

"Miezi minne nimengoja ninuse ua, mwanangu. Kwa nini hukunambia tu kwamba zimekufa? Ningezililia pamoja na marehemu mwenyewe, nikamaliza."

Akaniachia mkono. Akawageukia wenzake akacheka nao. Koja lilibaki shingoni mwake mpaka shughuli ilipokwisha, asije mtu akauliza.

Siku tatu baada ya arusi alikuja Kizingo na tuktuk, kikapu mkononi, kama zamani. Hakugonga mlango wa nyumba. Nilimwona kupitia dirishani akizunguka uwanja, kichaka kwa kichaka, akikwaruza magome kwa ukucha kutafuta kibichi. Alipata viwili. Kimoja akakikata vipande vya kupandikiza, akavikunja ndani ya kitambaa kilicholowa, akavitia kikapuni. Cha pili akakiacha.

Nikatoka mbio bila viatu. "Shangazi, nisamehe!"

"Nimekusamehe," akasema, wala hakusimama. "Uiambie mizizi nayo ikusamehe."

Vipande vile amevipanda kwenye makopo ya samli, juu kwenye sakafu ya paa la nyumba yake. Rukia asema vimeshika. Mimi sijaalikwa kuviona. Ukoo mzima sasa waniita Shehe. Watoto wadogo wasiojua lolote waniamkia, "Shikamoo, Shehe," na mama zao wanageuka ukutani kucheka. Nami naitika. Ningeitika nini kingine?

Basi wewe unayesoma, uliyeachiwa mche wa mtu, au chungu cha mtu, au chochote ambacho mwenyewe hawezi kuja kukitazama. Ukiambiwa kata, kata. Ukikiharibu, nenda ukaseme siku hiyo hiyo, ukiwa bado unatetemeka. Usivae kilemba cha dini kuficha uchafu wako, kitakubana kichwa mpaka uzeeni! Na usimdharau mtu kwa sababu hakusoma. Mimi nimesoma. Niulize nina maua mangapi.

Kile kichaka alichoniachia nimekikata. Mpaka magotini, majani nimeyapukuta yote. Nakimwagia maji ya mchele, nakaa barazani nakitazama. Juzi kimetoa chipukizi tatu, na moja naona kama ina tumba.

Sijakigusa. Alisema nisiguse mpaka aniambie. Bado hajaniambia.